Tatu Nane na Moja

Jumatatu, 6 Januari

Shule imefunguliwa. Ndengu za shamba la chini zimekauka maganda, na Kavata, mke wangu, anasema tusipozichuma wiki hii zitapasuka zenyewe zimwagike chini. Nikamkumbusha kwamba mimi ni mwalimu, nina vipindi. Akaniuliza, "Na mimi ni nini, trekta?"

Kitabu hiki nilipewa kanisani mwisho wa mwaka. Wazee wote wa kanisa tulipewa. Nitaandika humu mambo ya mavuno, ili mwakani tusibishane ni nani alisema tuchume na ni nani alisema tungoje.

Alhamisi, 9 Januari

Tumechuma tangu kupambazuka mpaka kengele ya shule. Nimefundisha nikiwa nimeinama.

Jumatano, 15 Januari

Joto. Ndengu.

Jumanne, 21 Januari

Leo nimewapa Kidato cha Pili nambari yangu. Hufanya hivyo kila Januari, na huu ni mwaka wa tisa. Naanza kwa kuandika 31 ubaoni. Nauliza, nini kinaigawa bila kubakisha? Wanahangaika, wanajaribu mbili, tatu, tano. Hakuna, isipokuwa moja na yenyewe. Basi ni nambari tasa. Naongeza tatu mbele: 331. Tasa. 3,331. Tasa. Naendelea hivyo mpaka 33,333,331, tatu saba na moja, na zote ni tasa, haigawiki hata moja. Hapo huwa wameshaacha kupiga miayo. Ndipo nawaambia mfululizo huu wa tasa hauna mwisho, nawageuza watazame ukuta wa nyuma, ambapo darasa lililomaliza mwaka juzi lilinichorea zawadi kwa rangi ya bluu: 333,333,331. Tatu nane na moja. Chini yake: NI TASA. HAINA MWISHO. Na chini kabisa, jina langu.

Wanafunzi huniita Mwalimu Tatu-Tatu. Sikatai. Kuna mwenzangu humu anaitwa Githeri, kama mahindi na maharagwe.

Leo mkono mmoja uliinuka. Mutanu, msichana mrefu, mkimya, anayeketi karibu na dirisha. Analelewa na nyanya yake, anayemwita susu, Mama Nzuki, yule msusi wa viondo, vikapu vya mkonge, wa soko la Kalamba.

"Mwalimu, hiyo ya wall inagawanyika."

"Na nini?"

"Na seventeen."

"Umetoa wapi seventeen?"

"Ni ya kyondo, Mwalimu. Kyondo ya susu inaendanga na seventeen-seventeen. Nimeenda nayo mpaka mwisho. Imefunga."

Darasa likaanza kucheka. Nikamwambia, "Mutanu, hapa tunafanya hesabu, hatusuki kyondo. Keti." Wakacheka zaidi, na Musyoka akaita kutoka nyuma, "Kyondo!" Na mimi nikacheka. Msichana akaketi, akafunga daftari lake.

Naandika haya saa ya chakula cha mchana. Mtoto lazima ajue kwamba hesabu inataka ushahidi. Kilikuwa kipindi kizuri.

Siku hiyo hiyo, saa kumi na moja jioni

Nilibaki ofisini walimu wengine walipoondoka. Nilitaka tu kuwa na jibu tayari, asije akauliza tena.

Thelathini na tatu, kumi na saba inaingia mara moja, baki kumi na sita. Nikashusha tatu, mia moja sitini na tatu, mara tisa, baki kumi. Nikashusha tatu nyingine, na nyingine, na kila mara kulikuwa na baki, nikawa naanza kutabasamu. Tatu ya nane iliacha baki tano. Ikabaki ile moja ya mwisho. Nikaishusha ikawa hamsini na moja.

Hamsini na moja ni kumi na saba mara tatu. Hakuna baki.

Nimerudia mara tatu kwa kalamu, kisha kwa kikokotoo. Kumi na saba mara 19,607,843.

Nakumbuka nilivyoipima mwaka ule wa kwanza. Nilijumlisha tarakimu zake, ishirini na tano, kwa hiyo tatu haiigawi. Kisha saba, kumi na moja na kumi na tatu nilizimaliza kwa mpigo, maana kuna njia ya mkato: unakata nambari tarakimu tatu-tatu, unatoa, unajumlisha, unabaki na 331, na hakuna hata moja kati yao inayoigawa 331. Ya kufuata ilikuwa kumi na saba. Kumi na saba sikuwa na njia yake ya mkato, na kengele ya chai ilikuwa imelia. Nikajiambia hii ni kama ndugu zake. Nilisimama kumi na tatu, nikaenda kunywa chai.

Kesho nitawaambia.

Jumatano, 22 Januari

Sikuwaambia. Kulikuwa na zoezi la kusahihisha.

Alhamisi, 23 Januari

Sikuwaambia.

Jumamosi, 25 Januari

Tumepura ndengu kutwa nzima. Kavata akaniuliza mbona nazipiga hivyo, zimenikosea nini?

Jumatatu, 27 Januari

Sasa anaitwa Kyondo. Hata Kidato cha Kwanza, ambao hawakuwepo, wanamwita Kyondo. Asubuhi niliposoma majina nilifika kwa Mutanu nikalisoma nikiwa natazama karatasi. Akaitika. Hajainua mkono tangu siku ile. Nilimuuliza swali rahisi la pembe tatu, nikijua anajua, ili nipate kumsifu. Akasimama, akasema, "Sijui, Mwalimu," akaketi. Alijua. Alinijibu hivyo kwa adabu kabisa.

Ukuta wenyewe ulikuwa mbele yangu dakika arobaini zote. Zamani niliupenda kwa sababu hiyo hiyo.

Jumatano, 5 Februari

Madam Waringa, mkuu wetu wa shule, ameniita ofisini. Kuna mashindano ya hesabu mjini Mwingi tarehe 22, na kila shule inapeleka mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Pili. Anataka jina leo.

Katika kitabu changu cha alama Mutanu ndiye wa kwanza. Si kwa kubahatisha. Amekuwa wa kwanza tangu Kidato cha Kwanza, na wa pili yuko mbali nyuma yake.

Nikafikiria safari ile ndefu, mimi na yeye kwenye kiti kimoja. Nikafikiria walimu wa shule nyingine, wanaonijua, wakimuuliza kwa upole, "Na wewe unapenda nini katika hesabu?" Nikasema, "Musyoka."

Madam akainua macho. "Si ni yule msichana wa viondo huwa number one?"

"Ni mtu wa aibu, Madam. Hawezi kuongea mbele ya watu."

"Pole yake," akasema, akaandika Musyoka.

Nimeandika maneno yangu kama nilivyoyasema, ili niyaone. Mtu wa aibu. Msichana alisimama mbele ya wenzake arobaini na sita akamwambia mwalimu wake kwamba amekosea. Mwenye aibu ni mimi, na si ile aibu niliyomwambia Madam.

Ijumaa, 7 Februari

Kavata amekuta wadudu kwenye gunia moja la ndengu. Tumezimwaga zote uani tukaanza kupembua upya.

Jumapili, 9 Februari

Leo nimefanya jambo baya kuliko lile la kwanza.

Wakati wa ushuhuda nilisimama. Sikuwa nimepanga, miguu ilisimama yenyewe. Nikasema, "Bwana asifiwe." Wakaitika. Nikasema nina kiburi, kwamba kiburi changu kimenifanya nimkosee mtu mmoja mdogo, na kwamba naomba kanisa liniombee. Machozi yakanitoka, nayo hayakuwa ya uongo. Lakini jina sikutaja, na kosa sikutaja.

Kanisa lilisema amina mpaka mabati yakaitikia. Mchungaji akanishika bega, akawaambia wazee wengine waige unyenyekevu wa Mzee Mulinge. Unyenyekevu! Nikarudi kwenye kiti nikiwa nimepanda cheo.

Nje, Mama Nzuki alinisalimia kwa mikono yote miwili. "Mwalimu, leo umetubariki sana. Sisi wengine tunaogopanga kusema makosa yetu." Mutanu alikuwa nyuma yake ameshika Biblia mbili, yake na ya nyanyake. Alikuwa anatazama viatu vyangu. Nilisubiri ainue macho. Hakuinua.

Tulipokuwa tunarudi Kavata aliuliza, "Huyo mtu mdogo ni nani?"

Nikasema ni mambo ya shule.

Tukatembea. Karibu na nyumbani akasema, "Basi wewe hukutubu, Baba. Ulikuwa unajisifu, tu ni vile ulianzia upande wa nyuma."

Nikamweleza yote, tukiwa tumesimama njiani, jua la saa nane likituchoma. Hakunikatiza. Nilipomaliza akauliza kitu kimoja tu: "Na bado unamfundisha?" Nikasema ndiyo, kila siku. Akatikisa kichwa, akaingia ndani kupika.

Jumatatu, 10 Februari

Sikuwaambia.

Jumanne, 18 Februari

Vumbi. Kimbunga kidogo kimepita uwanjani kikachukua karatasi za Kidato cha Nne. Kavata hanisemeshi ila kuhusu ndengu.

Jumamosi, 22 Februari

Mwingi. Ukumbi ulijaa, joto la kule ni lake peke yake. Musyoka amekuwa wa thelathini na moja kati ya shule thelathini na tisa. Nilipoiona nambari hiyo ubaoni nilidhani kuna mtu ananitania.

Lakini hilo si kitu. Wakati wa chakula mwanamke kijana alinijia mbio akanikumbatia. Wavinya! Alikuwa katika darasa langu mwaka ule wa kwanza wa nambari, na sasa ni mwalimu wa hesabu, ameleta mwanafunzi wake. Akawaita wenzake wawili. "Huyu ndiye alinifanya nipende hesabu. Mwalimu, si mimi nawapeanga ile number yako? Kila mwaka! Ile ya three-three-three."

"Bado unaikumbuka," nikasema.

"Nitaisahau aje?"

Nilitabasamu. Nilikuwa na sahani ya pilau mkononi, nikala, nikatabasamu, nikauliza habari za watoto wake. Nilidhani kosa langu liko kwenye ukuta mmoja. Kumbe liko Mwingi, na sijui kwingine wapi, linafundishwa na watu wanaoniamini.

Njiani kurudi Musyoka akasema, "Mwalimu, hii ingekuwa Mutanu."

"Kwa nini?"

"Yeye ndiye hutufunza prep baada ya vipindi. Sisi humwita Kyondo lakini ndiye hutufunza. Na zile three-three zako bado anazifanya, ako na daftari yake kando. Ameenda nazo mbali."

Nikamuuliza alisema nini kuhusu ile ya ukutani.

"Hasemi kitu. Tulimuuliza, akasema tuulize Mwalimu."

Hawajaniuliza. Nadhani nao walinionea huruma, au waliniogopa. Sijui ni ipi afadhali.

Jumamosi, 1 Machi

Likizo fupi ya katikati ya muhula. Nilimwambia Kavata naenda kwa Mama Nzuki. Akaenda stoo akarudi na ndengu zilizopembuliwa, mfuko umejaa. "Huwezi kuenda mikono mitupu."

Mama Nzuki alikuwa barazani na kiondo magotini, kimefika nusu. Nikakohoa, nikaanza hotuba yangu. Akasema, "Ngoja kwanza, Mwalimu, nishikie hapa." Akanipa nyuzi za mkonge nizivute. Basi nikaungama dhambi yangu nikiwa nimevuta nyuzi kama mtu anayeshikilia mbuzi wa kuchinjwa, naye akisuka, midomo ikihesabu.

Nilimwambia kila kitu, hata la Mwingi. Aliendelea kusuka mpaka akamaliza mzunguko, kisha akanionyesha. Mchoro wake, mweusi na rangi ya kahawia, unachukua nyuzi kumi na saba ndipo unarudia. Ndivyo mama yake alivyosuka, hajui kwa nini si kumi na sita. Nyuzi zote za mzunguko lazima zigawike kwa kumi na saba, la sivyo mchoro unapokutana na mwanzo wake unaachana, na kila mnunuzi anaona. Kwa hiyo kabla ya kuanza anahesabu, na Mutanu amemhesabia tangu akiwa na miaka sita. Mtoto anajua jedwali la kumi na saba kuliko ninavyojua njia ya kwenda kwangu.

"Mimi hukunikosea, Mwalimu," akasema. "Ulicheka kyondo, na kyondo haina masikio. Mwambie yeye."

"Yuko wapi?"

"Ameenda Kiboko kwa shangazi yake mpaka shule ifunguliwe."

Nilifurahi kwamba hayuko. Hilo nalo liandike, Mulinge. Moyo wako uliruka.

Kisha akasema, akiwa ameanza mzunguko mwingine, "Ameniambia akimaliza Form Two hataki kurudi. Anataka tusuke tu. Eti hesabu ni ya watu wa kuongea. Mimi nimekataa, lakini mtoto akiamua, utamvuta na kamba?"

Nilikuwa bado nimeshika nyuzi. Alinikumbusha niziachilie.

Jumanne, 4 Machi

Nilikwenda na kopo la rangi nyeupe na brashi. Nilipoingia wakasimama, nikawaambia wakae. Nikaandika nambari ubaoni. Nikaigawa kwa kumi na saba mbele yao, hatua kwa hatua, kila baki nikilitaja kwa sauti, mpaka hamsini na moja.

Nikageuka.

"Mutanu alisema kweli. Mimi nilikosea, nimekosea miaka tisa. Na siku aliponiambia sikupima. Nilimcheka, nikawaacha mkamcheka. Mutanu, nisamehe."

Nilidhani hapo pamekwisha. Nilikuwa nimejizoeza maneno hayo mara nyingi mpaka nilidhani ndiyo mwisho wake. Nikanyoosha chaki, nikamwomba aje atuonyeshe njia yake.

Hakuja. Alisimama pale pale karibu na dirisha.

"Mwalimu, ulijua lini?"

Kulikuwa na jibu jepesi. Juzi. Wiki jana. Nani angejua? Nilimwona Musyoka ananitazama, na kopo la rangi liko miguuni mwangu.

"Siku ile ile," nikasema. "Jioni."

Akatazama juu kidogo. Midomo yake ilisogea, kama ya nyanyake.

"Ni siku forty-two."

"Ndiyo."

"Siku ya kuenda Mwingi ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Na ile Sunday. Kanisani."

"Nilikuwa najua."

Akasema, "Sawa, Mwalimu," akaketi. Hakuna aliyecheka. Nimesimama mbele ya wanafunzi miaka ishirini na sita na sikuwahi kutamani wacheke kama leo.

Nikachukua brashi nikaenda ukuta wa nyuma. Nilikuwa nimeinyanyua kufuta tarakimu ya kwanza aliposema, bila kusimama safari hii:

"Usifute namba, Mwalimu. Namba haina makosa. Ni hayo maneno."

Nikapaka rangi juu ya NI TASA. HAINA MWISHO. Kisha nikashuka chini nikapaka juu ya jina langu. Jina lilihitaji kupakwa mara mbili.

Jumatano, 5 Machi

Nimempigia simu Wavinya. Nikamweleza habari ya kumi na saba. Kisha akasema, "Sasa mimi nitawaambia nini, Mwalimu?" Nikamwambia awaambie ni mimi. Akasema hapana, hata yeye hakupima.

Nimemwambia Madam Waringa pia. Ameniambia niandike barua. Nimeandika.

Alhamisi, 6 Machi

Mutanu hakuja shuleni. Nilisoma jina lake mara mbili.

Ijumaa, 7 Machi

Hakuja. Mawingu yamekusanyika upande wa kusini, yakaondoka. Kavata ameniuliza, "Amekuja?" Ndilo swali lake la kwanza nikiingia mlangoni siku hizi.

Jumatatu, 10 Machi

Alikuja. Walikuwa wanawahi kiondo cha mteja, ndivyo ilivyosema barua ya nyanyake, iliyoandikwa kwa mwandiko wa Mutanu. Hakuinua mkono. Lakini jioni, kwenye rundo la madaftari ya kusahihishwa, kulikuwa na moja jembamba ambalo sikuwa nimeliagiza. Limefunikwa gazeti. Halina jina.

Jumanne, 11 Machi

Kavata amenikalisha uani kwenye kivuli cha nyumba, amenizuia kuchambua mbegu. "Soma ya mtoto kwanza."

Kuna kurasa kumi na tisa. Ameendelea pale nilipoachia. Tatu tisa na moja: haigawiki kwa kumi na saba, lakini ameitafuta mpaka akakuta 673 inaigawa, amejaribu nambari tasa zote zilizo chini yake, moja moja, kwa mkono. Kisha amerudi kwa kumi na saba yake. Ameandika baki linalobaki baada ya kila tatu: tatu, kumi na sita, kumi, moja, kumi na tatu, na kuendelea. Tatu zikifika kumi na sita, baki ni sifuri. Zinafunga. Tatu ya kumi na saba inaanza upya kutoka tatu, na mchoro wote unarudi ulivyokuwa. Kwa hiyo, ameandika, kwa sababu ile moja ya mwisho inataka baki tano ili iwe hamsini na moja, na baki tano hutokea mara moja tu katika kila mzunguko, kumi na saba itaigawa ile ya tatu nane, na ya tatu ishirini na nne, na ya tatu arobaini, na haitaacha kurudi.

HAINA MWISHO, niliwahi kuandikiwa ukutani. Kuna kisicho na mwisho, naye amekiona. Si kile nilichosema mimi.

Nimepima kila mstari. Nilipofika baki la kumi na tatu Kavata aliniletea chai, nikamwambia aiweke. Nimezipima zote kumi na sita, kisha nikaanza mzunguko wa pili kuhakikisha kwamba kweli unarudi. Umerudi. Chai imepoa.

Sikuona mahali popote palipoandikwa kwamba amenisamehe, na nilitafuta. Ni hesabu tu, imeandikwa kwa makini na mtu anayetarajia ipimwe.

Nikashika kalamu nyekundu. Nilitaka kuandika "Vizuri sana," nikaona nitakuwa kama yule mzee aliyesimama kanisani. Nikaweka alama ya sahihi chini ya ukurasa wa mwisho, nikaandika tarehe ya leo, nikaitazama, nikaikata.

Nikaandika: Sahihi, tangu 21 Januari.